Ukuta wa Nyuma wa Highgarth

Highgarth, Yorkshire
Novemba 1961

Mpendwa kaka Clifford,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake hauna homa hata chembe. Wewe, wifi Joan na watoto hamjambo huko New Zealand?

Kaka, ukuta wa nyuma umesimama! Ulisema majira ya baridi yakifika nao bado umevimba, nyumba iuzwe, mama ahamie mjini. Nilipomsomea mama barua yako, alijibu, "Mwambie nitatoka humu nikiwa nimebebwa, na wabebaji wajue mimi ni mzito."

Adui alikuwa saruji ya marehemu baba. Unakumbuka alivyoipaka ukuta mzima kuzuia mvua, bonde zima likamsifu? Maji yaliingia kwenye nyufa yakakosa pa kutokea, maana mawe yetu yamezoea kupumua kupitia chokaa iliyoyaunganisha. Mimi na Amos Thackray, yule fundi mawe aliyefiwa na mkewe, tuliibandua yote. Ndani tukakuta kuta mbili zilizoegemeana, katikati kifusi kimelowa, na mawe marefu ya kuzifunga pamoja yamekatika. Tukashusha sehemu iliyovimba, tukaijenga tena kwa mawe yaleyale, tukapitisha mawe marefu mapya toka upande hadi upande. Jirani yetu Bi. Alderson kila akipita aliuliza kama tunajenga au tunachimba kaburi. Nikamwambia likiwa tayari tutamwita alijaribu.

Juzi dhoruba ilivuma kutwa nzima. Ilipotulia, mama alibandika shavu ukutani. Akageuka: "Mkavu kama mkate wa jana!" Nilipiga vigelegele hadi mbwa akakimbilia nje. Tumeshinda, kaka! Haiuzwi nyumba, hahami mtu.

Limebaki moja, nami nalizunguka tangu mwanzo. Jiwe la juu ya mlango wa nyuma lilikuwa limepasuka, tukaweka jipya. Desturi yetu unaijua: juu herufi ya kwanza ya jina la ukoo wa mume, chini yake herufi ya jina la mume na ya jina la mke. Amos aliposhika patasi nilimwambia hapa ni kwa akina Iveson, ukoo wake aupe likizo. Alicheka, akachonga I juu, na chini A yake na H yangu. Ndoa ni masika, kondoo wakishazaa. Njooni nyote, wifi alete kofia ya harusi na viatu vya matope.

Mama alitoka na fimbo yake, akalisoma lile jiwe, akasema, "Hatimaye! Nilidhani mtajenga mpaka mawe yaishe."

Nduguyo akupendaye,
Hester Iveson