Warda na Mtu Asiyecheka

Jumatatu, 10 Februari 2025

Barua ya shule imekuja. Kaileta mjukuu wangu Warda mwenyewe, kaikunja ndani ya soksi. Keshokutwa anakuja mtaalamu kutoka wilayani kupima watoto wenye mahitaji maalumu. Mahitaji maalumu! Hata mimi ninayo — meno. Nimemwambia Naima anipeleke na mimi nikapimwe. Hakucheka. Mwanangu huyu tangu aachwe na mumewe kicheko amekifungia sandukuni.

Ana hofu, namwona. Warda siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, daktari akasema mtindio wa ubongo. Sasa ana miaka minane. Mkono wa kulia umejikunja, mguu unaburuta, maneno yanatoka moja moja, kila moja na jasho lake. Lakini kichwa hakijalala! Hilo najua mimi ninayeshinda naye.

Jioni tumecheza mchezo wetu. Nanyanyua kitu, nimekaza uso kama hakimu: hii nini? Naye anataja jina la uongo, na yeye kakaza uso. Kijiko — papa. Ndoo — bibi harusi. Paka wetu — mwenyekiti wa kijiji. Atakayecheka kwanza ameshindwa, mchezo umekwisha, na hapo ndipo Warda anataja jina la kweli, kwa dharau: "Ki-ji-ko, babu. Umeshindwa."

Leo nimeshindwa kwenye paka.

Jumatano, 12 Februari

Kapimwa. Picha ishirini, ndani ya ofisi ya walimu, sisi tumekaa nje juani. Mtaalamu anaitwa Bwana Valentini. Mrefu, shati jeupe, uso mkavu kama pweza aliyeanikwa.

Njiani kurudi Warda kanuna. Vipi mama?

"Babu, yule mtu hacheki! Nimemwambia papa. Hacheki. Nimemwambia mwenyekiti. Hacheki! Anaandika tu."

Nikacheka mimi. Nilicheka mpaka nikashika mnazi nisianguke. Kisha nikamtazama Naima. Kasimama katikati ya njia, mkono mdomoni.

"Baba. Amemjibu hivyo kwenye kipimo."

Kicheko kikakatika palepale.

Alhamisi, 13 Februari

Naima hasemi na mimi. Anasema na kuku.

Jumanne, 18 Februari

Kikao shuleni. Mimi, Naima, mwalimu mkuu Augustine, na Mwalimu Agnes wa darasa la pili. Augustine kavaa miwani, kasoma karatasi ya Bwana Valentini: mtoto hatambui vitu vya kawaida vya mazingira yake. Alama sifuri kati ya ishirini. Sifuri! Inashauriwa apelekwe kitengo maalumu, Lindi mjini, akalale bweni. Nafasi ipo, aende baada ya Idi.

Bweni! Mtoto anayefungwa vifungo na mama yake.

Nikasimama. Nikasema walimu, kosa ni langu, mtoto anavijua vyote, huo ni mchezo wetu wa nyumbani, alidhani yule bwana anamtania. Nimesema kwa adabu zote, kofia mkononi.

Augustine kavua miwani taratibu. "Mzee Rehani, leo usituletee yako."

Ana haki. Mwaka juzi, siku ya wazazi kuchimba choo cha shule, nilituma mtu akaseme nimefariki. Walimu wakaja na kilo tano za mchele wa matanga, wakanikuta barazani natafuna muhogo. Mchele kaubeba Augustine mwenyewe, kichwani. Na niliuomba, wakaniachia! Kijiji kizima kilicheka mwezi mzima. Leo nimelipia.

Nilidhani Mwalimu Agnes atanitetea, maana anampenda Warda. Kasema polepole kwamba darasani ana watoto themanini na saba. Hata kama Warda anakijua kijiko, yeye anamfikia mara ngapi kwa wiki? Kule kitengoni wako kumi na wawili, na mwalimu kasomea kazi hiyo.

Nikavaa kofia, nikakaa chini. Mimi!

Alhamisi, 20 Februari

Shambani, kupanda ufuta. Warda kaja nyuma, kabeba mbegu kwenye kikombe, anaburuta mguu kwenye matuta. Nikitia nyingi ananisema: "Kidogo, babu! Unamwaga." Sifuri kati ya ishirini ndiye anayenisimamia.

Na Naima tumegombana wakati wa chakula cha mchana. Nimesema sitaki aende. Kaniuliza swali moja tu: unataka asome, au unataka mtu wa kucheka naye?

Nimeondoka na jembe. Nimelima mahali palipokwisha limwa.

Jumapili, 23 Februari

Nimejaribu kumfundisha ukweli. Kazi! Nimemweka upenuni, nimekaza uso, nikasema Warda, leo hakuna mchezo, leo ni kweli tupu, hii nini? Akakodoa macho kwa furaha.

"Papa!"

Nikakunja uso zaidi.

"Papa mkubwa!"

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Ule uso mkavu ndio mlango wa mchezo. Nikizidi ukali, yeye anaona babu leo kacheza vizuri. Miaka yote nimemfundisha kwamba mtu mzima akikuuliza kitu anachokijua, na hacheki, huyo anakutania. Na kweli hasa — mtu mwenye akili zake anaulizaje kijiko ni nini?

Nikajaribu kuuliza huku natabasamu. Hapana, kutabasamu si kucheka, anangoja. Mpaka nilipocheka sawasawa, ndipo akanitupia: kijiko, kikombe, chumvi, kiatu, paka. Vyote! Bila kukosa!

Ijumaa, 28 Februari

Baada ya swala nimekwenda kwa Mwalimu Agnes nyumbani kwake. Nimempeleka Warda. Nikamwambia mwalimu, usiniamini mimi, niamini macho yako. Kachukua kitabu chake cha picha, kakaza uso. Hii nini? "Bibi harusi," kwa picha ya mbuzi. Hii? "Papa." Mwalimu kanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua.

Nikacheka. Haikuwa taabu, picha ya mbuzi ilifanana na Augustine. Warda kanigeukia: "Umeshindwa, babu!" Kisha kamgeukia mwalimu, kataja mbuzi, kataja taa, kataja mlango, kataja jogoo, na yai ambalo hata mimi nilidhani ni kiazi. Kumi na nne mfululizo.

Mwalimu Agnes kaweka kitabu chini. Akasema jamani, jamani. Akapiga simu hapohapo.

Nilisikia upande mmoja tu, ule mwingine mwalimu kanieleza. Bwana Valentini anapita kwetu Jumanne akienda Lindi. Atarudia kipimo, kwa heshima ya mwalimu. Lakini kucheka yeye hawezi, kipimo ni kimoja kwa watoto wote, uso mmoja. Warda akipata kumi kati ya ishirini, atabaki hapa. Mwalimu Agnes atamweka mbele kabisa, na kila siku baada ya masomo atakaa naye nusu saa. Kasema mwenyewe, sikumwomba. Asipofika kumi, karatasi inapelekwa, habari imekwisha.

Mwalimu hataruhusiwa ndani. Mimi naweza kukaa nje, dirishani, nisitamke neno.

"Neno," kasema Mwalimu Agnes. "Hakukataza kucheka, mzee. Cheka mara moja tu, picha ya kwanza, mtoto ajue mchezo umekwisha."

Kazi ndogo! Nimeifanya miaka sabini bure.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Koo kavu. Naima kanipikia futari ya mihogo, kanipakulia mwenyewe, ndiyo kusema tumesameheana kidogo. Kaniambia, baba, na akibaki halafu asiposoma? Nimesema sijui. Ni mara ya kwanza kumjibu hivyo. Kanitazama sana.

Usinicheke, daftari. Huenda Lindi wangemnyoosha ule mkono. Huenda mimi ndiye ninayehitaji mwalimu wa kitengo.

Jumanne, 4 Machi

Naandika hapa shuleni, benchi la chini ya dirisha. Naima kasema nishike kalamu, nikishika kalamu nanyamaza.

Asubuhi nzima nimejizoeza. Nimekumbuka Augustine na mchele kichwani. Nimekumbuka siku shemeji yangu alipouziwa mbuzi asiye na maziwa. Hakuna kilichonichekesha. Nikajaribu kucheka bure, kikatoka kikohozi. Mfungo huo, nimejiambia. Mate hakuna.

Si mfungo.

Gari limefika. Bwana Valentini kashuka, shati lilelile jeupe. Kaniamkia shikamoo kwa adabu, si mtu mbaya. Kamshika Warda mkono, ule uliojikunja, kaushika vizuri bila kuuvuta. Nimeona hilo. Wameingia.

Naima yuko pale kwenye bomba la maji, kanipa mgongo. Mwalimu Agnes darasani, watoto themanini na sita wanaimba jedwali la mbili, sauti inakuja mpaka huku.

Dirisha lina nondo tu. Warda naye kaniona. Kanikonyeza! Anadhani nimekuja kumsaidia kumshinda mtu mgumu. Kakaza uso kama nilivyomfundisha, kidevu juu, mdomo kafunga. Hajawahi kuukaza vizuri hivi.

Bwana Valentini kanyanyua picha ya kwanza. Kijiko.

Hii ni nini?

Warda hajajibu. Ananitazama mimi. Nimefungua mdomo. Hakijatoka kitu. Anangoja. Kalamu ya bwana yule iko juu ya karatasi. Midomo ya Warda inaanza kujikusanya, naijua hiyo, anaanza na pa —

Cheka, mzee. Cheka —