Beringi Mpya za Randa ya Baba

Karakanani kwa Baba,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Wifi yangu anaendeleaje na ule mgongo, na watoto hawajambo? Huku kifua cha Mama kimeachia, na mimi nakula kama kawaida yangu, hilo huna haja ya kuuliza. Ila moyo wangu haujatulia, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Juzi Baba nusura apoteze vidole kwenye mashine, na aliyekaribia kumponza ni mimi.

Unaikumbuka randa ya mezani, ile ambayo ngoma ya visu imekaa wazi katikati. Ilianza kwa kuguna, mwisho ikawa inapiga kelele hadi muuza rangi akaja kuuliza kama tunachinja. Ukiegemea meza, meno yanagongana. Nikamwambia Baba beringi zinazoshikilia ngoma zimekwisha. Na unajua kwetu mashine hupimwaje: Baba huchukua kijiti, ncha moja kwenye mashine, ncha nyingine sikioni, na akishatoa hukumu hakuna rufaa. Akasikiliza weee, akasema, "Hii nzima kuliko wewe." Nikafyata mkia. Mtu ana masikio yake mawili, anaambiwa hasikii anachokisikia, naye anakubali. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi juzi Baba akaenda kung'olewa jino, nikaona ndiyo nafasi. Nikamwita Spana, yule fundi chuma jirani anayejua kila kitu na hataki usijue kwamba anajua. Tukavua mkanda, tukaitoa ngoma. Kaka, nilishika kichwa. Beringi ya kulia haikuwa beringi tena: gololi nyingine zimepasuka, nyingine zimekuwa unga mweusi ndani ya grisi iliyokauka. Ngoma yenye visu ilikuwa inazunguka juu ya uchafu, na sisi tumeiinamia kila siku. Spana akaenda mbio dukani kununua nyingine. Tukafunga mpya pande zote mbili, tukawasha. Inazunguka kama feni. Nikajiona fundi kweli kweli.

Baba akarudi shavu limevimba. Sikumwambia kitu, nilitaka agundue mwenyewe afurahi. Nimegeuka kuchukua ubao, mashine iko kazini. Ngoma ikienda kasi huonekana kama imetulia. Baba akafika mezani, akaona maranda yamejaa mdomoni mwa mashine, akanyoosha mkono kuyafuta.

Nilimvuta shati kwa nyuma hadi vifungo vikaruka, tukaanguka wote wawili. Spana akakimbilia swichi. Nikamfokea Baba, Mungu anisamehe, mimi kumfokea Baba: unapelekaje mkono kwenye visu na mashine inazunguka? Akanitazama midomo, halafu akasema taratibu, "Kwani ilikuwa inazunguka?"

Palepale sakafuni nikaelewa. Baba hasikii, kaka. Sisemi anasikia kwa shida, hasikii kabisa. Kile kijiti kilikuwa geresha. Mashine alikuwa anaijua kwa kutetemeka kwake, kwa nyayo na viganja, na ule mtetemo ndio niliouondoa kwa mikono yangu mwenyewe nikajisifu. Mama naye amekiri kwamba alikuwa anajua siku zote, amemfichia mumewe aibu. Sijui nimkasirikie nani.

Na simu nazo nimezielewa sasa. Ulipomwambia umeachishwa kazi akakujibu, "Vizuri, endelea hivyo hivyo," hakukukejeli. Alikuwa anaitikia tu. Tafadhali kaka, hicho kinyongo kitoe.

Sasa ananiomba nimrudishie zile beringi mbovu. Nilidhani anatania. Nikamwandikia kwa penseli kwenye kipande cha ubao kwamba siku moja ngoma ingechomoka ikatuua. Akasoma, akasema, "Lakini ile mbovu tulikuwa tunaelewana." Spana ametufungia taa nyekundu, inawaka kila mashine ikiwashwa. Baba anasema yeye si gari, hasubiri taa. Mama anataka karakana ifungwe moja kwa moja, na mimi najua tukiifunga tumemzika mzee akiwa hai. Nataka afanye kazi, na vidole vyake vibaki vyote. Wewe ndiye mkubwa, neno lako analipokea. Lakini lisiwe la simu. Njoo umwambie mkitazamana.

Maana leo asubuhi nimemkuta amesimama peke yake mbele ya randa. Taa haiwaki, na waya umechomolewa ukutani. Ameuchomoa yeye mwenyewe. Maranda yamejaa pale mdomoni, hakuyagusa. Mikono ameificha nyuma ya mgongo. Aliponiona akaniuliza, "Una hakika imezimwa?"

Mama anakusalimu sana, na Shangazi anasema hajasahau kwamba uliondoka bila kumuaga. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akufungulie mlango mwingine wa riziki, na akutangulie njiani siku utakayoanza safari.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Kitindamimba wenu.