Nimeliwekea Masale Toroli la Kiwandani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukinijibu tumia herufi kubwa kubwa, shule niliiacha mapema kwa sababu haikuwa na cha kunifundisha.

Mimi ni Basili wa Uru, nasukuma toroli kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi, uliza yeyote kuanzia Majengo mpaka Himo watakuambia Basili ni nani, mimi nilikuwa nasukuma magunia kwa mkono mmoja na mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai na chai haimwagiki, sasa msimu huu limeletwa toroli linalojiendesha lenyewe, halina mtu, halina mpini, lina jicho mbele na likikuta kitu njiani linasimama, halafu linaongea, mshauri, linaniambia mimi mzee mzima pisha njia, shikamoo halina, na vijana wanacheka eti babu kaamrishwa na toroli, basi nikashikwa na hasira, asubuhi nikakata masale, yale majani marefu ya mpakani, kihambani kwangu, shamba la nyumbani, nikayasimamisha kwenye ndoo ya mchanga katikati ya njia yake, toroli likafika, likaona, likatulia kama Mchagga aliyelelewa vizuri, na wewe unajua huku kwetu masale ni mpaka, mzee akishaweka hakuna mwenye mkono wa kuyatoa, wafanyakazi wote wakapita pembeni kimya, magunia yakabaki stoo, nikafurahi sana na kila asubuhi naweka mapya.

Shida ni Priska, mtoto wa marehemu dada yangu, yeye ndiye fundi wa hilo toroli na ndiyo kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, sasa bosi ni mgeni huku, masale hayajui na hakuna wa kumweleza, anaona tu magunia hayafiki, kasema Ijumaa toroli linarudishwa lilikotoka na Priska anaondoka nalo kwa sababu ndiye aliyelisifia, na huyu mtoto anajua kila kitu, alikuja akasimama kwenye ndoo akaniuliza taratibu, "Mjomba, aliyeweka hapa anadai nini?" nikajifanya nafunga kamba za viatu na mimi nimevaa mabuti ya mpira. Niambie nifanyeje toroli liondoke na mtoto abaki, ila kuomba radhi usiniambie, sijawahi na sijui kunaanzaje.

Basili, Uru

Mzee Basili, shikamoo. Umeshaamkiwa, sasa nisikilize.

Kuamrishwa mbele ya vijana na kitu kisicho na mama kunauma, hapo niko upande wako. Lakini umekosea, tena vibaya. Lile toroli hujaliumiza hata kidogo, likisimama linapumzika. Anayeumia ni mtoto wa dada yako. Mjomba husimama nyuma ya mtoto, wewe umemzibia njia mbele. Priska angekutaja kwa bosi siku ile ile na kazi yake ikapona. Amenyamaza ili akulinde, na wewe unafunga kamba za mabuti ya mpira.

Toroli liondoke na mtoto abaki? Haiwezekani, chagua. Nadhani umeshachagua, usingejisumbua kuniandikia.

Kesho wahi kabla ya wenzako, uitoe ile ndoo mwenyewe, maana aliyeweka ndiye mwenye kutoa. Jani moja la isale libakize. Mpe Priska mkononi. Sina haja ya kukufundisha wewe mzee wa Uru kwamba isale si la mpaka peke yake: anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, na anayelipeleka halazimiki kusema neno. Hujui kuomba radhi kunaanzaje? Kwenu kunaanza na mkono.

Kisha nendeni wote kwa bosi kabla ya hiyo Ijumaa, na hapo mdomo utaufungua. Sema ndoo ilikuwa yako na mashine ni nzima. Usimwachie mtoto akusemee. Akikupa adhabu, ichukue na urudi kazini.

Ukishamaliza, una haki ya ombi moja. Maneno ya lile toroli yamewekwa na mtu, na Priska anaweza kuyabadilisha. Mwombe alifundishe kusema, "Shikamoo mzee, naomba njia."

Likikuamkia, Mzee Basili, itikia marahaba. Halafu pisha.