Mwanamke Aliyeachwa Darajani

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Saa.
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na pole ya kazi kabla sijasema lolote. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje? Mama naye, ule upande uliopooza umepata nguvu hata kidogo? Bado anagoma kugeuzwa atazame ukutani? Mimi ni mzima, nashukuru, ila sauti imekauka na roho haijatulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa huruma, na leo sitaki kuhurumiwa.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana huwa nakupa vipande vipande tu. Chumba chetu cha kurekodia kimebandikwa magodoro ukutani, na feni huzimwa tukianza, kwa hiyo wanaosikia ujasiri wangu hawajui kwamba jasho linanitoka kama mpishi wa harusi. Filamu zenyewe ni zile za mashujaa wanaoruka angani. Mimi natia sauti ya Kiswahili kwa mpenzi wa shujaa. Si mpenzi wa zamani yule, wa kupiga mayowe dirishani. Huyu wa siku hizi ni mhandisi wa madaraja, anafungua pingu mwenyewe, anawatandika majambazi kwa spana, halafu anamuuliza shujaa alikuwa wapi muda wote huo. Wasichana wa mtaani hunisimamisha niwasemeshe kama yeye. Nawasemesha, na ninajiona kweli kweli.

Sasa kuna jambo hulijui. Sauti ile si yangu. Mwongozaji wetu, tunayemwita Mzee Rudia kwa sababu ndilo neno lake, siku ya kwanza alinirudishia maneno yale yale mpaka nikataka kulia. Alisema naongea kama mtu anayeomba radhi. Nikakukumbuka wewe siku ile ukimjibu mwenye nyumba aliyetaka kututoa: taratibu, kidevu juu, neno la mwisho unalitua kama mtu anayeweka mzigo chini. Nikasema hivyo hivyo. Mzee Rudia akasema, "Hapo sasa. Usibadilishe." Tangu siku hiyo ninakula kwa sauti yako, na sikukuambia.

Hilo ungenisamehe, tena ungecheka. Linaloniuma ni zamu. Tulikubaliana filamu ya kwanza ikiisha nije nikae na Mama, wewe uende kwenye mafunzo yako ya ufundi umeme. Ikaja ya pili, ukaahirisha. Jumatano ulinipigia kunikumbusha kwamba mafunzo yanaanza mwanzo wa mwezi, na safari hii usipokwenda nafasi yako anapewa mtu mwingine. Nikakuambia kuna filamu ya tatu. Ukasema, "Usijali, Dada. Nitamudu." Nikakata simu, nikala, nikalala fofofo.

Kesho yake tukarekodi sehemu ya daraja. Limekatika katikati, majeruhi wamelala kila upande, mhandisi mwenyewe anatoka damu kwenye paji la uso. Shujaa anatua, anamtazama, anasita kwa sababu mji mzima unamngoja. Na maneno niliyopewa nimwambie yalikuwa, "Nenda. Mimi nitamudu." Niliyasema kwa sauti yako, mara moja tu, na Mzee Rudia akayakubali. Shujaa akaruka zake, moyo mweupe.

Picha ikamfuata huko angani. Nikamwomba fundi mitambo aendelee kidogo, nione mwanamke kule chini amefanyaje na watu wote wale. Akapeleka mbele, akapeleka tena. Hakuna kitu. Haonekani mpaka shujaa anaporudi na kumkuta amesimama, nywele ameshachana.

"Nani aliwabeba majeruhi?" nikauliza.

"Yeye, nani tena?" akasema Mzee Rudia. "Mwanamke imara yule."

"Peke yake?"

"Sasa unataka tukae tunaangalia mtu anabeba watu filamu nzima? Nani atalipa kuona hayo? Hebu rudi kwenye kipaza sauti."

Nilirudi, lakini sasa niliyekuwa namwona pale darajani ni wewe.

Mdogo wangu, ninakusifu kila ninapokwenda. Nasema mdogo wangu ni chuma, yule hashindwi na kitu. Sikuona kwamba kila nikikusifu najipa ruhusa ya kukaa mbali. Sijui unamwinuaje Mama kumpeleka bafuni. Sijui unalala saa ngapi, wala kama unalala. Sijawahi kuuliza, kwa sababu kama ungenijibu kweli ningelazimika kupanda basi. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Nimemwambia Mzee Rudia atafute mwingine. Alinuna, kisha akamjaribu dada wa mapokezi, na sitakuficha, anaweza. Nimekaa naye mchana kutwa nikimwonyesha unavyoinua kidevu. Alipopatia nilitoka nje nikalia, na si kwa ajili yako peke yako, wivu ulikuwemo. Nimeipenda kazi hii kupita kiasi, na wewe ndiye uliyeilipia.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho, mimi mwenyewe nafika Ijumaa. Tiketi ninayo. Usinijibu kwamba ungeweza kusubiri.

Nisalimie Mama, umwambie mkubwa wake anakuja na awe na subira naye, maana hata kumgeuza hajui. Msalimie Shangazi, umwambie maneno aliyonitumia ya kunilaumu kwa kukutelekeza yalinifika na sikuyakasirikia. Jirani mshona viatu naye mpe salamu, kwa kukusaidia kubeba maji pale ambapo mimi sikuwepo. Mungu akutie nguvu kwa hizi siku chache, na mafunzo yako ayafanye mepesi.

Ijumaa ukinifungulia mlango, usinikaribishe wala usinipikie. Uwe umeshafunga begi. Nionyeshe dawa za Mama zilipo, unipishe mlangoni, utoke.

Akupendaye kwa moyo wote, na kwa haya nyingi,
Dada yako