Mchuzi wa Jana

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na wale watukutu wenu. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, bado anakuamsha kwa kukuvuta shuka? Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Msimu wa sare za shule hauna huruma na fundi cherehani.

Nakuandikia kwa sababu simu za nyumba hii Mama huziweka kwenye spika, na hili sitaki alisikie. Jirani yetu dereva wa lori atakukabidhi barua hii mkononi.

Vidonge ulivyotuma vilifika, vile Kitinda anavyomeza kabla ya kula. Pamoja na dawa za daktari, vilimsaidia kweli. Unakumbuka mdogo wetu alivyokuwa: akila kitu kidogo tu, uso unawiva, ngozi inatoka mabaka, moyo unamwenda mbio, na mara moja hata ulimi ulivimba, mpaka wakawa wanamrudisha nyumbani kutoka pale mapokezi anapofanya kazi. Daktari alitueleza kuna kitu kinaitwa histamini. Mwili wake unashindwa kukiondoa, na seli zake nazo zinakimwaga ovyo. Kinajaa kwenye chakula kilicholala, na hata ukichemsha vipi hakitoki. Kwa hiyo apikiwe cha siku hiyohiyo na ale papo hapo. Kiporo marufuku.

Sasa nenda kamwambie Mama yetu kiporo ni marufuku! Mama ambaye kwake mchuzi haujawa mchuzi mpaka ulale. Sufuria yake hiyo ya mchuzi uliolala ndiyo iliyotulea, nawe ulikuwa wa kwanza kukomba.

Mwanzoni alitii. Kisha Kitinda akanenepa kidogo, akarudi kazini, na Mama akaona basi, amepona. Tangu hapo mambo yamegeuka. Mabaka yamerudi. Kila akiumwa, Kitinda anakilaumu chakula alichokula na kukiacha: mayai, kisha karoti, kisha kuku. Sasa amebaki na wali, maboga na tufaha, na gauni nililomshonea juzijuzi nimelipunguza mara mbili. Kaka, naogopa.

Jumapili nilikuwa natafuta barafu kwenye friji, nikakuta bakuli la mchuzi wa samaki limefichwa nyuma ya chupa za maji. Nikamuuliza Mama. Hakukana. Anamtilia kijiko kimoja kimoja kwenye wali, eti apate kuzoea.

"Nyote mmekula hivyo," akaniambia. "Nani kafa?"

Niliumwaga. Akaninunia siku nzima, na jana nimekuta bakuli jingine. Hafanyi kwa ubaya, na ndiyo maana hasikii. Daktari aliposema ulimi ukivimba tena ile sindano ya dharura aliyompa huenda isitoshe kumwokoa, Mama alitikisa kichwa tu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Kitinda bado hajui. Akijua, hatakula tena kitu chochote katika nyumba hii, na pengine pa kula hana. Lakini leo akitoka kazini nitamwambia, liwalo na liwe. Jumatatu narudi kwangu, nao watabaki wawili. Wewe ndiye kipenzi cha Mama, tusidanganyane. Usipige simu. Njoo, ukae naye jikoni, umwombe wewe.

Msalimie wifi, nibusie watoto, na Mjomba akipita huko mwambie miwani yake aliisahau kwangu. Mungu akufungulie njia, ufike salama.

Kitinda karudi, namsikia anavua viatu mlangoni. Mama naye anakusalimu sana. Yuko jikoni, anamwita mwanawe akae ale kabla hakijapoa. Harufu ya samaki imefika mpaka huku chumbani, na leo sokoni hakuna aliyekwenda.

Acha nikimbie.

Wako akupendaye,
Mdogo wako.