Siku Tuliyomsafishia Mgeni Ufuo

Nyakwara Atieno, mjukuu wangu,

Natangaza kwa heshima zote kwamba jogoo wa dani yako, nyanya yako huyu, amehamia rasmi kwenye kiti changu. Nakuandikia nikiwa kwenye kigoda. Sote wazima.

Unauliza ufanyeje, maana kila ukienda kupiga filamu zako fupi huko Lodwar, unakuta watu wameshaficha taka unayotaka kuionyesha. Sisi pia tulifanya hivyo. Nikiwa kijana, mgeni alikuja hapa Kisian kupiga filamu ya magugu maji yaliyofunga mitumbwi yetu, ili tusaidiwe. Basi asubuhi tukayasukuma yote mbali, tukavaa nguo za kanisani, mimi nikafunga na tai shingoni.

"Sasa nipige nini?" akauliza.

"Piga huyu wa tai," dani yako akamwambia. "Amechana nywele tangu jana."

Watu husema mimi ndiye niliyeokoa filamu ile. Ukweli ni kwamba mgeni alifunga kamera, akaketi kula samaki nasi. Mchana upepo ukarudisha magugu. Tukaingia majini na viatu vyetu kuokoa mitumbwi, kamera tukaisahau. Yeye akaiwasha.

Kwenye filamu mimi ni mgongo tu, umelowa, na sauti ya dani yako ikisema, "Vuta, Bwana Tai."

Babu yako