Mstari wa Pili

Batsinda, Jumanne. Mvua.

Siwezi kula. Asubuhi niliwatangazia wanaastronomia wa dunia nzima umbali wa mlipuko wa miale ya gama tuliouona usiku, mbali sana angani. Niliupata kwa mistari miwili myeusi kwenye mwanga uliobaki baada ya mlipuko. Mistari hiyo huachwa na gesi ya galaksi yake.

Kabla sijatuma, profesa wangu aliniuliza, "Huo mstari wa pili una hakika nao?" Nikajibu ndiyo, upesi mno. Niliogopa wengine watatutangulia.

Jioni shangazi akapiga simu kutoka Kabuga. "Mwanangu, nimeshawaambia kanisani habari za ugunduzi wako. Wote wanakuombea." Nikamshukuru, nikarudi kuutazama mstari wa pili.

Maana hewa ya dunia nayo huchora mistari yake, karibu na pale ulipo. Na mwanga wenyewe umeshafifia, hakuna darubini itakayoupata tena.

Sasa hivi nimefungua mwanga wa nyota ya karibu tuliyoipima usiku uleule ili kulinganisha. Nilipaswa kuanza na huo. Nyota hiyo haina galaksi yoyote mbele yake.

Mstari upo. Palepale.

Ni hewa yetu, na umbali niliotangaza si sahihi. Ndiyo hii ninayoivuta sasa.